Oili ya gari kuukuu: vumbi la Nakivale limeshaamua

Katika maduka ya vipuri ya Mbarara chupa za oili zina madaraja yake. Chini hukaa madumu ya lita 4 na 5 ya 20W-50, oili ya kawaida itokanayo na mafuta ghafi, ambayo kila dereva wa Uganda magharibi anaijua. Juu, sawa na macho ya mteja, zimepangwa za sintetiki: 5W-30, 5W-40, lebo za rangi ya dhahabu, bei mara mbili au hata mara tatu. Mwenye Toyota Hiace ya miaka ya 1990 inayobeba abiria kati ya mji huo na makazi ya wakimbizi ya Nakivale hufika hapo na fedha kidogo mfukoni na ushauri wa watu wawili wanaopingana. Muuzaji amemwambia kuwa injini iliyochoka inahitaji oili bora kuliko zote. Fundi wake amemwambia kuwa sintetiki ni sumu kwa gari kuukuu, itafumua sili zote na kuacha dimbwi chini ya injini.

Muuzaji amekosea, na fundi naye amekosea. Linaloamua oili ya gari hilo halimo ndani ya chupa yoyote. Ni vumbi la barabara, ni umbali ambao gari linakwenda kwa siku, na ni nani anayetoa fedha siku oili inapotakiwa kumwagwa. Kwa magari mengi makuukuu ya njia ya Nakivale, oili ya kawaida yenye uzito unaostahili, isiyo ya bandia, inayomwagwa mapema, ndiyo chaguo la akili. Fedha inayobaki ina kazi kubwa zaidi kwenye gari hilohilo.

Njia yenyewe ni sehemu ya hoja. Kutoka Mbarara kwenda Isingiro na kushuka hadi Kikagati, mpakani mwa Tanzania, ni lami. Gari la Nakivale huiacha lami hiyo na kuingia murami mwekundu kuelekea Base Camp, Juru au Rubondo, kanda za makazi hayo. Ni kilomita 50 au 60 kutoka mjini, kutegemea kijiji. Kiangazi, lori la matoke likishapita, vumbi hubaki limesimama hewani hata lori lenyewe halionekani tena, na taksi inayofuata nyuma hulivuta lote. Mvua ikija, murami unakuwa tope, gari linapanda kwa gia ya kwanza na injini inanguruma kwa muda mrefu bila upepo wa kuipoza.

Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko kwao, na ni ya zamani kuliko karibu yote barani Afrika. Leo yana zaidi ya watu laki moja na nusu: Wakongomani ndio wengi, wapo Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni na gereji. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Kwa hiyo mzigo hauishi: samaki wa ziwa Nakivale, mahindi, maharage, mitumba, mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya rufaa Mbarara, mwanafunzi anayerudi shule. Msaada wa chakula umekuwa ukipunguzwa miaka ya karibuni, na kadiri unavyopungua ndivyo biashara ndogondogo zinavyobeba kaya. Biashara hizo hupanda Hiace, Corona, Fuso na bodaboda. Injini ikifa, wanaokwama ni wengi kuliko mwenye gari peke yake.

Na magari hayo yataendelea kuwa makuukuu. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Sheria hiyo inalizuia gari mpakani. Hailiondoi lililokwisha kuingia. Hiace za injini za dizeli za aina ya 2L na 3L zilizofika zamani bado zipo kazini, na zitakuwepo muda mrefu kwa sababu mbadala wake ni ghali na vipuri vyake vinapatikana hata vijijini. Swali la oili ya gari lililozeeka ni swali la usafiri wa umma katika wilaya nzima.

Sintetiki ni nini hasa? Oili ya kawaida hutokana na kusafisha mafuta ghafi, na ndani yake molekuli zimechanganyika, kubwa kwa ndogo, pamoja na mabaki ya nta na salfa. Sintetiki ya asili hujengwa kiwandani kwa kuunganisha molekuli za gesi hadi zilingane, ndiyo maana haigandi upesi kwenye baridi kali wala haiungui upesi kwenye joto kali. Wajerumani waliihangaikia wakati wa Vita Kuu ya Pili, mafuta ghafi yalipokuwa adimu kwao na injini zao zikigoma kwenye baridi ya Urusi. Madereva wa kawaida waliipata miaka ya 1970, Amsoil ikitangulia Marekani mwaka 1972 na Mobil 1 ikafuata. Kisha mwaka 1999, hukohuko Marekani, Mobil ililalamika kwamba Castrol inaita sintetiki oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa nguvu kwa kutumia hidrojeni. Chombo cha kusuluhisha ugomvi wa matangazo ya biashara kiliipa haki Castrol. Tangu hapo chupa nyingi zenye jina la sintetiki, katika nchi nyingi, zina mafuta ghafi yaliyosafishwa sana. Si uongo, na oili hiyo ni nzuri. Lakini mnunuzi wa Mbarara anayelipa bei mara tatu anastahili kujua kwamba pengo kati ya rafu ya juu na ya chini limekuwa dogo kuliko bei inavyodai.

Faida ya kwanza inayosifiwa ni kuwasha gari kwenye baridi. Namba iliyo mbele ya herufi W hueleza jinsi oili inavyokwenda wakati wa baridi, na vipimo vyake si vya huku. Oili ya 5W hupimwa nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 20W nyuzi 15 chini ya sifuri. Mbarara imekaa kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi yake ya baridi, wakati konda amejikunyata ndani ya koti, ni nyuzi 14 au 15 juu ya sifuri. Hata ile 20W inayodharauliwa haijawahi kukaribia mpaka wake katika mji huo. Mwenye gari anayelipia 5W Mbarara ananunua kinga ya barafu ambayo haitanyesha.

Namba ya pili, ile ya baada ya W, ndiyo yenye kazi hapa. Hiyo hupimwa oili ikiwa nyuzi 100, yaani injini inapokuwa imepata moto, na 50 ni nzito kuliko 30. Injini ambayo beringi zake zimelika kwa miaka 25 ina nafasi kubwa kati ya chuma na chuma, na oili nyepesi hupenya na kukimbia kabla haijajenga utando. Dalili yake madereva wanaijua: gari limefika stendi limepata moto, linasubiri abiria huku likiunguruma taratibu, na taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Wengi wa wale wanaohama kutoka 20W-50 kwenda sintetiki ya 5W-30 huiona taa hiyo kwa mara ya kwanza, halafu husema sintetiki mbaya. Tatizo si sintetiki, ni uzito. Vitabu vya Toyota vya zama zile vilikuwa na jedwali linalolinganisha uzito wa oili na joto la nchi, na kwa nchi za joto 15W-40 na 20W-50 zimo. Ukurasa huo mmoja una thamani kuliko ushauri wote wa kaunta.

Faida ya pili, na ndiyo ya kweli zaidi, ni kudumu. Oili ya kawaida hupewa kilomita 5,000 hivi. Sintetiki nzuri kwenye injini nzima hufika 10,000 na kupita. Ulaya hesabu hiyo inalipa: unanunua ghali, unamwaga mara chache. Nakivale inavunjika.

Inavunjika kwa sababu ya vumbi. Murami una chembe za silika, ngumu kuliko chuma cha ringi za pistoni. Zinazoua injini ni zile ndogo zisizoonekana kwa jicho, za maikroni 5 hadi 20, ambazo nyingi hupita kwenye filta ya oili bila kukamatwa na kuzunguka na oili kila mahali. Sintetiki haina dawa ya mchanga. Oili ya bei yoyote ikishajaa silika ni lazima imwagwe, na watengenezaji wa magari wenyewe huagiza kupunguza muda hadi nusu kwa gari linalofanya kazi kwenye vumbi na mizigo. Kwa hiyo chupa iliyolipiwa kilomita 10,000 inamwagwa kwenye 5,000, na nusu ya fedha inakwenda nayo.

Hapa ndipo filta ya hewa inapostahili heshima ambayo haipati. Itoe kwenye Hiace iliyoshinda Rubondo mwezi wa saba, uigonge kwenye tairi: vumbi jekundu linamwagika na kuacha mduara chini. Baada ya hapo mafundi wengi huipuliza kwa kompresa kwa nguvu zote kutoka upande wa nje, vumbi linasukumwa ndani ya karatasi, na karatasi inapata vitundu visivyoonekana mpaka uishike dhidi ya jua. Inarudishwa. Kipimo chake hakihitaji mashine: ingiza kidole kwenye bomba la hewa, upande wa pili wa filta, ule unaokwenda kwenye injini, upanguse ndani. Kidole kikitoka safi, filta inafanya kazi. Kikitoka chekundu, injini inakula barabara, na hakuna oili kwenye rafu yoyote itakayoiokoa. Tofauti ya bei kati ya dumu la sintetiki na la kawaida inatosha kununua filta mpya ya hewa, na mara nyingi filta ya oili pia. Mwenye gari akilazimika kuchagua kimoja, achague filta.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Injini iliyochoka hula oili. Si ajabu Hiace ya umri huo kumaliza lita 1 kila kilomita 1,000, ikitoa moshi wa bluu kila inapopanda mlima. Katika kilomita 5,000 hizo ni lita 5, karibu sawa na oili yote inayokaa kwenye injini. Ukiweka sintetiki humo, unaichoma ile ya rafu ya juu na kuitoa kwenye bomba la moshi. Injini ya namna hiyo inahitaji ringi na sili za valvu. Mpaka fedha ya kuifungua ipatikane, ipewe oili ya kawaida nzito na dereva apime oili kwa kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Fundi anayeapa kwamba sintetiki inatoboa sili naye ana historia yake. Baadhi ya sintetiki za mwanzo, miaka ya 1970, zilikuwa na kemikali zilizoharibu mpira wa sili za wakati ule, na sifa hiyo imesafiri hadi leo ingawa oili zimebadilika. Kinachotokea siku hizi ni kingine. Gari lililokaa miaka na oili iliyoungua hujaa lami nyeusi ndani. Fungua mfuniko wa kujazia oili, uupindue, utaiona imeganda upande wa chini. Lami hiyo huziba nyufa za sili ngumu zilizokauka. Ikija oili yenye sabuni kali, ya sintetiki au hata ya kawaida ya daraja la juu, inaiosha na uvujaji uliokuwa umefichwa unatokea. Kibaya zaidi, mabonge yaliyolegea yanaweza kuziba chujio la pampu ndani ya sampo, na injini ikakosa oili huku kijiti kikionyesha imejaa. Ndiyo maana injini chafu isafishwe polepole: oili ya kawaida iliyo nzuri, imwagwe baada ya kilomita 1,500, tena baada ya 2,000, na filta mpya kila mara. Kuchanganya sintetiki na ya kawaida katika dharura, kwa upande mwingine, hakuui injini. Dereva aliyepungukiwa katikati ya njia aongeze iliyopo aendelee. Kukauka ndiko kunakoua.

Yapo magari ambayo sintetiki ni haki yao. Hiace za kizazi kilichoanza 2004, zenye injini za dizeli za D-4D na tabochaja, zina mhimili unaozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ukiwa umezungukwa na moto wa moshi. Oili ya kawaida iliyochelewa kumwagwa huungua hapo na kuganda, na tabochaja ni ghali mno. Kwa hizo, oili ya daraja linaloandikwa kwenye kitabu, sintetiki ama nusu sintetiki, si anasa. Kwa dizeli isiyo na tabochaja, cha kutazama nyuma ya chupa ni herufi za daraja la API: CF-4 ya 1990, CH-4 ya 1998 au CI-4 ya 2002 zinatosha injini ya 2L na zaidi. Dizeli yenyewe imekuwa bora tangu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipokubaliana kushusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015. Asidi kwenye oili imepungua. Vumbi halikupungua.

Giaboksi ya otomatiki nayo haina mjadala wa rafu. Noah na Premio zinazofanya kazi ya spesho, yaani taksi ya kukodi, mjini Mbarara hufa kwa sababu mtu alimimina oili nyekundu yoyote akidhani zote ni moja. Toyota ina Type T-IV, ina WS iliyo nyepesi zaidi, na ina ya aina yake kwa giaboksi za CVT, na haziazimani. Kwenye giaboksi fuata jina lililoandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu, hata kama bei yake inauma, kwa sababu gharama ya kosa ni giaboksi nzima.

Wa bodaboda ana sheria moja tu. Klachi ya Bajaj Boxer huogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili za magari madogo zenye dawa ya kupunguza msuguano huifanya iteleze: unavuta mafuta, injini inalia, pikipiki haiendi. Atafute chupa ya 20W-50 yenye maandishi JASO MA au MA2, lita 1, aimwage mara kwa mara. Asimsikilize anayemwambia ya gari ni bora kwa sababu ni ghali.

Sasa, ile fedha iliyobaki. Ianze na breki. Oili ya breki hunywa unyevu kutoka hewani hata ikiwa imefungwa ndani ya gari. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205. Ikishanywa maji ya kutosha hushuka hadi 140. Kwenye miteremko ya Isingiro, na abiria 14 ndani, mzigo juu na mguu kwenye pedali, ikichemka inakuwa mvuke, pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. DOT 4 huanza na nyuzi 230, bei yake ni ndogo, na inachanganyika na DOT 3 bila tatizo. Ibadilishwe yote kila baada ya miaka miwili. Kuna wenye magari ambao hawajawahi kuibadilisha, ila huongeza tu. Na kuna wanaoongeza oili ya injini au ya hidroliki, ambayo huvimbisha mipira ya breki na kuiua. Gari la abiria lenye sintetiki kwenye injini na oili ya breki ya miaka 10 ni hatari barabarani, na hakuna abiria anayeweza kulijua kwa kulitazama.

Kisha rejeta. Kwenye mwinuko wa Mbarara maji matupu huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100, na mfuniko wa rejeta uliolegea hauongezi chochote. Injini ya 2L inasifika vibaya kwa kupasuka silinda hedi ikipata moto kupita kiasi. Madereva wa njia ya Nakivale hujazia maji ya kisima au ya ziwa, yenye chumvi na udongo, na chumvi hiyo hujenga ukoko ndani ya mabomba membamba mpaka maji hayapiti. Wengi hudhani kulanti ni ya nchi za barafu. Kazi yake kubwa huku ni kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Kulanti iliyokolezwa ichanganywe nusu kwa nusu na maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati safi, ambayo hayana chumvi na hayanunuliwi. Silinda hedi ikishapasuka, fundi huliona kwenye kijiti: oili imegeuka rangi ya maziwa ya chai, na hapo suala la oili ipi halipo tena.

Yote haya yanachukulia kwamba kilichomo ndani ya dumu ndicho kilichoandikwa nje. Oili bandia ni biashara inayojulikana Uganda nzima: oili chafu iliyochujwa na kutiwa rangi, ndani ya dumu halisi lililookotwa. Sintetiki ndiyo inayovutia zaidi wadanganyifu, kwani faida yake ni kubwa, na maskini anayejinyima kununua ya juu anaweza kuwa amenunua taka. Katika masoko ya Nakivale ipo pia ya kupima, inayotolewa kwenye pipa na kuuzwa katika chupa za maji ya kunywa. Huenda ni nzuri. Hakuna wa kuthibitisha. Kununua kwenye kituo kikubwa cha mafuta, kutazama alama ya Shirika la Viwango la Uganda, kukagua sili ya mfuniko, kisha kulitoboa dumu tupu kabla ya kulitupa: hayo yanamlinda mnunuzi kuliko neno lolote la kuvutia kwenye lebo.

Ushauri wa kumwaga mapema una gharama yake, na ni haki kuitaja. Oili chafu itaongezeka. Sasa hivi sehemu yake hupakwa kwenye nguzo za nyumba kuzuia mchwa, nyingine humwagwa nyuma ya gereji. Maji ya ziwa Nakivale husafishwa na kunywewa na sehemu kubwa ya wakazi wa makazi hayo, na ziwa hilo pamoja na ziwa Mburo ni ardhioevu iliyoandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Uganda ina kanuni za taka za mwaka 2020. Kinachokosekana ni pipa. Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi ya wakimbizi, na Wilaya ya Isingiro zinaweza kuweka mapipa ya kukusanyia oili chafu Base Camp, Juru na Rubondo na kumpa kazi hiyo mfanyabiashara anayeinunua. Mafundi wa Kikongomani wanaofanya vidanji, yaani kumwaga oili, chini ya miti hawana pa kuipeleka, na si haki kuwalaumu kabla ya kuwapa mahali.

Linabaki suala la nani analipa, na ndilo zito kuliko yote. Taksi nyingi haziendeshwi na wenyewe. Tajiri yuko mjini; dereva anampelekea hesabu kila jioni; mafuta ya safari ni ya dereva, sevisi ni ya tajiri. Gari linalokwenda Nakivale na kurudi mara mbili kwa siku hukata zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo kilomita 5,000 hutimia ndani ya wiki tatu au nne. Siku hiyo ikifika, dereva akienda gereji anapoteza safari, na hesabu inadaiwa ileile. Basi anaongeza nusu lita ya oili ya kupima, anaondoka. Wiki inakuwa mwezi, mwezi unakuwa miwili. Injini ikinoki, tajiri anamfukuza dereva na kumwajiri mwingine kwa masharti yaleyale yaliyoiua injini. Hakuna oili iliyotengenezwa, ya kawaida wala ya sintetiki, inayostahimili mkataba wa namna hiyo.

Kwa hiyo wito uende kwa wenye magari wa Mbarara kabla ya madereva. Siku ya kumwaga oili isidaiwe hesabu. Kilomita za sevisi inayofuata ziandikwe kwenye karatasi ya gundi na kubandikwa chini ya boneti, mahali ambapo tajiri, dereva na fundi wote wanaiona. Fedha ya oili na filta itengwe kutoka kwenye hesabu ya kila wiki, isisubiri huruma ya mwisho wa mwezi. Na mwenye gari anunue dumu yeye mwenyewe: 20W-50 au 15W-40 ya daraja linalofaa injini yake, lenye sili, kutoka dukani anakojulikana.